Mwenye kibanda cha gemu asinunue namba za kwenye boksi

MSIMU wa korosho unapofunguliwa na minada kuanza mwezi Oktoba, mzunguko wa fedha katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa hubadilika ghafla. Mkulima aliyepeleka mzigo wake ghalani kupitia chama cha msingi, chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hulipwa kupitia benki, na sehemu ya malipo hayo huanza kutafuta mahali pa kuzalia. Wapo wanaonunua bodaboda. Wapo wanaojaza duka la vipodozi. Na wapo, hasa vijana waliokabidhiwa mtaji na wazazi wao, wanaofungua kibanda cha gemu.

Mahali kama Nanganga panafaa kwa biashara ya namna hiyo. Ni njia panda katika barabara kuu ya Mingoyo hadi Masasi, ambapo msafiri wa Ruangwa huacha lami ya Masasi na kushika njia yake. Penye njia panda hapakosi vijana wanaosubiri: wa bodaboda wanaosubiri abiria, wapakiaji wanaosubiri lori, na abiria wanaosubiri gari. Kijana anayesubiri akiwa na sarafu mfukoni ni mteja. Aidha, mkoa wa Lindi una wapenzi wa soka wasio na mchezo, na tangu Namungo ya Ruangwa ipande Ligi Kuu msimu wa 2019/20, habari za mpira zimekuwa chakula cha kila siku. Gemu za mpira kwenye PlayStation zinajiuza zenyewe.

Pamoja na hayo, biashara hii ina tundu moja linalovujisha mtaji wa watu wengi, nalo ni kioo. Mwenye kibanda huhangaika kutafuta mashine nzuri, huchagua pedi kwa makini, hujenga benchi, hupaka rangi ukuta, kisha hununua TV ya kwanza anayoambiwa kuwa ni ya kisasa. Baada ya wiki mbili wateja huanza kugombania kioo kimoja na kukikimbia kingine. Wakiulizwa, hawasemi habari za hezi wala milisekunde. Husema tu kwamba ile TV ni nzito.

Neno hilo dogo ndilo linalopaswa kumnyima usingizi mwekezaji. TV nzito haibebi wateja.

Magonjwa mawili, siyo moja

Kosa la kwanza sokoni ni kuchanganya matatizo mawili tofauti na kuyatafutia dawa moja. Tatizo la kwanza ni picha kufifia inapokimbia: mpira ukipigwa pasi ndefu unavuta mkia, na jina mgongoni mwa mchezaji anayekimbia halisomeki. Tatizo la pili ni kuchelewa: kijana anabonyeza kitufe cha kupiga shuti, na mchezaji kwenye kioo anapiga baada ya muda, wakati beki ameshafika.

La kwanza linaonekana kwa macho, hata kwa mpita njia. La pili halionekani kabisa kwa anayetazama. Linasikika kwenye kidole cha anayecheza. Kwa hiyo muuzaji dukani anaweza kuonyesha kioo chenye picha safi kabisa, mnunuzi akaridhika, na kioo hicho hicho kikawa hakifai kwa gemu. Mnunuzi alipimiwa ugonjwa mmoja akauziwa mwingine.

Ubaya zaidi ni kwamba baadhi ya dawa za ugonjwa wa kwanza huongeza ugonjwa wa pili. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Mkia unatoka wapi

TV za zamani za chogo zilichora picha kwa mwali uliopita haraka na kuondoka. Kila doa liliwaka kwa muda mfupi sana kisha likazimika, na jicho likapokea picha kali. Vioo vya bapa vya LCD, ambavyo ndivyo vinavyouzwa leo hata vikiitwa LED, vinafanya kazi kwa namna nyingine. Ndani yake mna chembe za majimaji zinazogeuka ili kuruhusu au kuzuia mwanga, na kugeuka huko kunachukua muda. Chembe zikiwa nzito kugeuka, picha iliyopita huacha kivuli juu ya picha mpya. Huo ni mkia wa aina ya kwanza.

Mkia wa aina ya pili upo hata kwenye kioo ambacho chembe zake ni nyepesi. Kioo cha hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila picha husimama palepale kwa milisekunde 16.7 kabla ya kubadilishwa. Jicho la mchezaji halisimami, linaufuata mpira. Kwa kuwa jicho linatembea na picha imesimama, ubongo huona picha iliyopakwa.

Kiasi cha kupakwa huko kinaweza kupigiwa hesabu na mfanyabiashara yeyote. Tuseme kioo kina upana wa pikseli 1,920 na mpira unavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde 2. Mpira huo unakwenda pikseli 960 kwa sekunde. Kwa hezi 60, mkia wake ni takriban pikseli 16. Kwa hezi 120, endapo mashine nayo inatoa picha 120 kwa sekunde, mkia unapungua hadi pikseli 8. Kwa hezi 240 unabaki pikseli 4.

Maneno "endapo mashine nayo inatoa" ni ya kukaririwa. PlayStation 4, iliyoingia sokoni mwaka 2013, mwisho wake ni hezi 60. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ni vivyo hivyo. PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, ina uwezo wa kutoa hezi 120, lakini gemu nyingi, zikiwemo za mpira za EA, huenda kwa picha 60. Mwenye kibanda cha PS4 anayelipia kioo cha hezi 144 ni sawa na mwenye bajaji anayelipia tairi za lori. Tairi ni nzuri, ila bajaji haitakwenda haraka zaidi.

Namba zinazopotosha

Wazalishaji wa TV walitambua zamani kwamba mnunuzi hupenda namba kubwa, nao wakamtengenezea. Samsung walikuwa na kipimo walichokiita Clear Motion Rate, Sony wana Motionflow, na LG wana TruMotion. Kwenye boksi huweza kuandikwa 120, 200 au 800. Namba hizo siyo hezi za kioo. Ni mchanganyiko wa hezi halisi na mbinu za kutengeneza picha, ambao kila kampuni huupigia hesabu kwa namna yake. TV iliyoandikwa 120 kwa vipimo vya aina hiyo, mara nyingi kioo chake ni cha hezi 60.

Kwenye monita za kompyuta namba inayotangazwa zaidi ni "1 ms", yaani milisekunde moja. Hapa napo pana mitego miwili. Iwapo milisekunde hiyo ni muda wa chembe kugeuka, basi imepimwa katika mgeuko mmoja ulio mwepesi kuliko yote, tena kwa kuisukuma chembe kwa umeme mwingi, mbinu inayoitwa ovadraivu. Ovadraivu ikiwekwa juu kabisa, chembe hupitiliza na kuacha kivuli cheupe mahali pa kivuli cheusi. Mteja ameondolewa mkia akapewa mzimu. Iwapo boksi limeandikwa MPRT, basi milisekunde hiyo hupatikana pale tu kioo kinapowasha na kuzima taa yake kwa kasi, na mwenye kioo asipoiwasha hali hiyo hapati alicholipia.

Chama cha kuweka viwango vya vioo, VESA, kilikiri tatizo hili mwaka 2022 kilipoanzisha alama ya ClearMR. Alama hiyo haipimi milisekunde, bali inalinganisha pikseli zilizo wazi na zile zilizofifia. Kwa mfano, ClearMR 7000 maana yake ni kwamba pikseli zilizo wazi ni mara 65 hadi 75 ya zilizofifia. Ni hatua nzuri, ingawa vioo vyenye alama hiyo ni vile vya bei ya juu, na siyo vinavyofika kwa wingi katika maduka ya njia panda. Sababu ya kuitaja ni moja: ikiwa wazalishaji wenyewe waliona milisekunde za kwenye boksi hazitoshi, mwekezaji wa Nanganga ana sababu gani ya kuziamini?

Kuchelewa kunavyokula wateja

Tuje kwenye ugonjwa wa pili, ambao kwa mwenye kibanda ndio hatari zaidi. TV ya kisasa haipokei picha na kuionyesha tu. Kwanza huisafisha, huinoa, huibadili rangi, huipanua ienee kwenye kioo, na wakati mwingine hutunga picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Kazi zote hizo huchukua muda. TV nyingi zikiachwa katika hali ya kawaida huchelewesha picha kwa milisekunde 50 hadi zaidi ya 100. TV hizo hizo zikiwekwa katika hali ya mchezo, ambayo kwenye menyu huandikwa "Game", nyingi hushuka hadi milisekunde 10 au 20.

Mbinu ya kutunga picha za katikati ndiyo mfano bora wa dawa inayoua. Ili TV itunge picha iliyo kati ya ya kwanza na ya pili, lazima kwanza ingoje ya pili ifike. Haiwezi kuonyesha kabla haijapokea. Kwa hiyo TV inayoonyesha mwendo laini kuliko zote dukani, huku imechomekwa flashi yenye video ya maonyesho, inaweza kuwa ndiyo nzito kuliko zote pale itakapochomekwa PlayStation. Video ya maonyesho haina kidole cha mtu kinachosubiri.

Wapo wanaosema kwamba milisekunde 100 ni kitu kidogo ambacho kijana wa kijijini hawezi kukitambua. Hoja hiyo haina uzito. Mchezaji wa soka anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 80 ndani ya milisekunde 100. Sentimita 80 ni tofauti kati ya kuugusa mpira na kumgusa mtu mguu. Kwa gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde, hizo ni picha 6 zilizopita mchezaji akiwa hazijui. Kijana anayecheza kila siku hahitaji saa kulitambua hilo. Anafungwa bao, anaangalia kidole chake, na anahamia kibanda cha jirani.

Kibaya zaidi, lawama huangukia mahali pasipohusika. Mteja husema pedi ni mbovu. Mwenye kibanda hununua pedi nyingine, na baada ya siku 3 malalamiko hurudi. Hununua ya tatu. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni rahisi: pedi inayolalamikiwa ihamishiwe kwenye TV nyingine pamoja na mashine yake. Uzito ukitoweka, pedi haina kosa. Mwenye kosa ni kioo.

Hesabu ya mfano inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuseme kioo kimoja huchezewa mechi 30 kwa siku kwa shilingi 300 kila mechi. Hiyo ni shilingi 9,000. Kioo hicho kikiwa kizito na kupoteza mechi 6 tu kwa siku, hasara ni shilingi 1,800. Kwa siku 100 za msimu, shilingi 180,000 zimekwenda, na hakuna daftari lililoandika kwamba zimekwenda. Fedha isiyoingia huwa haina risiti.

Dawa za bure kwanza

Kanuni ya uwekezaji mdogo ni kumaliza dawa za bure kabla ya kununua za kulipia. Hapa zipo nne.

Ya kwanza ni kuwasha hali ya mchezo. Katika TV nyingi hali hiyo huwashwa kwa kila tundu la HDMI peke yake, hivyo mashine ikihamishwa kutoka tundu la kwanza kwenda la pili, mwenye kibanda aingie tena kwenye menyu. Baadhi ya TV mpya zenye HDMI 2.1 hujiweka zenyewe katika hali hiyo zinapokutana na mashine inayoliomba jambo hilo, kama PlayStation 5. TV za kawaida na za mtumba hazifanyi hivyo; lazima mtu afanye.

Ya pili ni kuzima mapambo yote: kutunga picha za katikati, kupunguza chengachenga, kunoa picha, na kurekebisha mwanga kwa kujitegemea. Picha itapungua urembo kidogo. Mchezaji hakuja kutazama urembo.

Ya tatu ni kurudisha ovadraivu katikati, kwa wenye monita. Kiwango cha juu kabisa mara nyingi kimewekwa kwa ajili ya kupata namba ya kwenye boksi.

Ya nne ni kivuli. Mbinu ya kuwasha na kuzima taa ya kioo kwa kasi hupunguza mkia kuliko mbinu nyingine yoyote. Taa ikiwaka kwa milisekunde 2 tu kwa kila picha, ule mkia wa pikseli 16 hubaki takriban pikseli 2. Lakini taa inayowaka muda mfupi hutoa mwanga mdogo, na kwa hezi 60 huwachosha macho baadhi ya watu kwa kupepesa. Katika kibanda cha mabati kilicho wazi mbele, saa saba mchana, kioo cha namna hiyo hakionekani. Kabla ya kuwaza mbinu hiyo, mwenye kibanda atundike pazia zito na kukigeuza kioo kisiangalie barabara. Hata asipotumia mbinu yenyewe, picha itaonekana vizuri zaidi bila kuongeza mwanga wala umeme.

TV, monita au chogo

Baada ya dawa za bure ndipo swali la kununua linapokuja. Sokoni kuna njia tatu, na kila moja ina watu wake.

Njia ya kwanza ni monita za mtumba zilizotoka maofisini. Monita hufanya kazi ndogo sana ya kuipamba picha, kwa hiyo nyingi huchelewesha kidogo kuliko TV ambayo haijawekwa katika hali ya mchezo. Kwa mkia, ni za wastani. Kwa mchezaji mmoja au wawili waliokaa karibu, monita ya inchi 22 au 24 inatosha kabisa. Kasoro zake ni za kujulikana mapema. Nyingi hazina spika. Za zamani hazina tundu la HDMI, bali DVI, ambalo linaweza kupokea picha ya PS4 kwa kiunganishi cha kawaida lakini mara nyingi bila sauti. Sauti itabidi itolewe kwenye tundu la pedi na kupelekwa kwenye spika ya nje. Za zamani zaidi hazielewi kinga ya HDCP na huonyesha giza. Kwenye PS4 kinga hiyo huweza kuzimwa katika mipangilio, lakini kwenye PS3 haizimiki. Anayenunua monita kwa ajili ya PS3 asitoke dukani bila kuiona picha.

Njia ya pili ni TV bapa, kuanzia inchi 32. Faida zake hazipaswi kudharauliwa. Ina spika, huonekana kutoka nje na kuvuta watazamaji, na siku ya mechi kubwa huunganishwa na king'amuzi ikaingiza fedha kwa njia nyingine. Kwa kibanda cha njia panda hilo ni jambo zito. Sharti ni moja: iwe na hali ya mchezo inayofanya kazi kweli. Vilevile itazamwe katika picha yenye giza, kwa sababu aina ya kioo iitwayo VA, inayosifika kwa weusi mzuri, chembe zake huwa nzito kugeuka kutoka weusi kwenda kijivu. Mechi ya usiku yenye jezi nyeusi ndiyo mtihani wake.

Njia ya tatu ni ile ambayo wengi wanaicheka, nayo ni TV ya chogo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na TV za chogo zikaanza kushuka thamani. Hata hivyo PlayStation 2, ambayo Sony waliuza zaidi ya milioni 155 duniani tangu mwaka 2000, ilitengenezwa kwa ajili ya TV hizo. Ikiunganishwa kwa waya wa rangi tatu kwenye TV bapa, picha yake lazima iunganishwe mistari na kupanuliwa, na kuchelewa huzaliwa hapo. Vigeuzi vya bei ya chini vya kuipeleka kwenye HDMI haviponyi tatizo. Kwenye chogo, picha inafika papo kwa papo na mkia hakuna. Anayeanza na PS2 kwa mtaji mdogo asione aibu kuwa na chogo. Gharama yake ni umeme: chogo la inchi 21 hula takriban wati 80, wakati TV ya LED ya inchi 32 hula wastani wa wati 40. Kwa saa 12 za kazi, ni karibu uniti 1 dhidi ya nusu uniti. Hilo liandikwe kwenye daftari, lakini siyo sababu ya kutupa kioo kinachofanya kazi.

Kwa mwenye mashine za PS3 na PS4, hesabu inaelekea kwenye mchanganyiko: TV bapa moja mbele kwa ajili ya kuvuta watu na kuonyesha mechi, na monita za mtumba ndani kwa ajili ya wachezaji wenyewe. Fedha ambayo ingeishia kwenye hezi 144 zisizotumika inatosha kuchangia pedi za akiba na stabilaiza, vitu ambavyo visipokuwepo kibanda hufungwa.

Kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi hana sababu ya kutegemea maneno. Simu nyingi za siku hizi hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa picha 240 kwa sekunde, maana yake kila picha ni takriban milisekunde 4. Mnunuzi aende dukani na PlayStation yake na pedi, awashe gemu anayoijua, kisha arekodi kidole na kioo kwa pamoja. Nyumbani au hapo hapo ahesabu picha kuanzia kidole kinapogusa kitufe hadi mchezaji anapotikisika. Namba hiyo ina ucheleweshaji wa gemu yenyewe ndani yake, kwa hiyo haifai kusimama peke yake. Inafaa kwa kulinganisha: gemu ile ile, pedi ile ile, vioo viwili. Kioo kimoja kikitoa picha 25 na kingine 45, tofauti ya picha 20 ni zaidi ya milisekunde 80, na hiyo yote ni ya kioo.

Muuzaji anayekataa kipimo cha dakika 10 kwa mteja anayenunua vioo vinne amejibu swali tayari.

Upo pia wajibu wa upande wa pili. Waagizaji wa Kariakoo na wenye maduka wa Masasi, Lindi na Mtwara wangejenga jina kubwa kwa jambo dogo la kuandika hezi halisi za kioo kwenye karatasi ya bei, badala ya kurudia namba ya tangazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kumpotosha mlaji katika biashara, na haisemi kwamba namba iliyochapwa ng'ambo inasamehewa. Zaidi ya sheria, lipo suala la faida. Mwenye kibanda aliyeuziwa kioo kizuri hurudi kununua cha pili. Aliyeuziwa namba hurudi mara moja tu, kugomba.

Somo la Nachingwea

Eneo hili lina kumbukumbu chungu ya mitaji iliyowekwa kwa namba za kwenye karatasi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilipelekewa mpango wa kulima karanga katika ekari milioni 3 na zaidi za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa makadirio ya pauni milioni 25. Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake, pamoja na Kongwa na Urambo. Yalinunuliwa matrekta ya mtumba yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na mengi yakaharibika mapema. Bandari na reli vikaanza kujengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Karatasi zilikuwa nzuri. Udongo na mvua havikuwa vimeulizwa.

Serikali ile ilikuwa na uwezo wa kupoteza mamilioni na kuendelea na shughuli zake. Mkulima wa korosho aliyegeuza malipo ya gunia zake kuwa vioo vinne hana uwezo huo. Akikosea, msimu mmoja mzima wa kupalilia, kupulizia dawa na kuokota umekwenda, na atangoje mnada mwingine.

Kwa hiyo asikubali kununua kwa kusomewa boksi. Aanze na menyu ya TV aliyonayo, kwa kuwa huenda kioo anachotaka kukiuza kwa hasara hakina ubovu wowote isipokuwa hakijawekwa katika hali ya mchezo. Kama ni lazima anunue, anunue kinacholingana na mashine yake, akipime kwa simu yake, na fedha inayobaki aiweke kwenye pedi na umeme. Kidole cha mteja ndicho mkaguzi wa mwisho wa biashara hii, na siku akipaona pazito hatatoa taarifa. Atahamia tu kwa jirani.